Puli ndani ya kiroba

Mama alinipigia saa mbili kasoro usiku, na hakuanza na habari za kazi. "Farasi amekufa," akasema. Nilikuwa nimesimama ndani ya mwendokasi, tumebanana, tunapita Magomeni, nikadhani mtandao umekula maneno. Akarudia. "Amepiga kelele moja ya chuma, akatoa moshi, akasimama palepale kwenye mchanga. Wamemsukuma mpaka nyumbani. Njoo Jumamosi."

Farasi ni trekta. Trekta dogo la bustani, jekundu, boneti yake inanifika kiunoni, magurudumu madogo mbele na makubwa nyuma. Ubavuni limeandikwa Wheel Horse. Tulipokuwa watoto kaka yangu ndiye aliyetufasiria, farasi wa magurudumu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeliita trekta pale nyumbani.

Mama alifanya kazi ya bustani miaka mingi kwenye nyumba moja ya Oysterbay iliyokuwa na uwanja mpana wa nyasi. Trekta lilikuwa la mwenye nyumba, ila anayeliendesha ni yeye. Mzungu yule alipomaliza mkataba na kurudi kwao, alimwachia trekta kama sehemu ya kiinua mgongo, akisema hakuna mtu mwingine anayejua kuliwasha. Tulilivusha Magogoni kwa pantoni asubuhi ya Jumapili, mimi nimekalishwa juu ya kiti chake, mikono yote miwili kwenye usukani. Mpaka leo nikisikia honi ya pantoni nakumbuka joto la kile kiti.

Sasa Mama ana kitalu cha miche Kibada. Miembe ya kupandikiza, michungwa, mipapai, minazi mifupi, na maua ya wanaojenga huko Kigamboni na wanataka nyumba ipendeze kabla hata bati halijapigwa. Farasi ndiye anayevuta tela la udongo, la samadi ya kuku, la madumu ya maji wakati wa kiangazi. Akilala Farasi, Mama anakodi guta, na guta linalipwa kwa kila safari. Kwa hiyo jambo hili lilikuwa la kazi kabla halijawa la mapenzi, ingawa sitaficha kwamba mapenzi yalikuwepo.

Jumamosi nilimkuta fundi wa pikipiki wa pale kituoni amekwishafika. Aliweka beseni chini, akafungua bolti ya kumwagia oili. Kilichotoka hakikujaza kikombe cha chai. Akachovya vidole viwili, akavisugua, akanionyesha juani: ile oili ilikuwa inametameta, chenga nyembamba za fedha zimeganda kwenye mistari ya ngozi yake. "Hizi ni nyama za konrodi," akasema, yaani ule mkono unaounganisha pistoni na krenki inayozunguka chini. Kisha akachukua tambaa, akafuta uso wa mbele wa bloku, ule mwili wa injini, na tundu likaonekana. Kidole gumba changu kiliingia.

Jirani aliyekuwa ameliazima kusomba mchanga wa ujenzi alikuwa amesimama karibu na mwembe, hasemi kitu. Mama naye hakumsema. Alimletea kiti.

Kwa waliozoea magari, nieleze kidogo, maana hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Injini ya Farasi ilikuwa Kohler K181, silinda moja, sentimita za ujazo 305, nguvu za farasi 8 kwa mizunguko 3600 kwa dakika. Bloku yake ni chuma cha kasti, kizito, cha kudumu. Lakini haina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo, na kila krenki inapozunguka kijiko hicho kinapiga oili iliyotulia chini na kuirusha juu, kwenye pini, kwenye ukuta wa silinda, kwenye kemshafti. Hiyo ndiyo namna yote ya kulainisha. Oili ikipungua, kijiko kinapiga hewa. Na konrodi yenyewe ni ya aluminiamu, imeikumbatia pini ya krenki moja kwa moja bila beringi katikati. Ikikauka inapata moto, inang'ang'ania pini, inakatika, na kile kipande kinatafuta pa kutokea. Injini nyingi za aina hii hazifi kwa uzee. Zinakufa siku moja mtu aliposahau kuchomoa kijiti cha oili na kukitazama.

Kama bloku ingekuwa nzima ningeifufua. Vifaa vya K181 vinapatikana bado Marekani kwa kuagiza, na kuna hata konrodi za kupunguziwa, zenye tundu dogo kwa robo ya milimita, kwa ajili ya krenki iliyolika na kusagwa upya. Nilizifikiria sana zile konrodi. Lakini bloku ya kasti iliyotoboka karibu na ukuta wa silinda ni habari nyingine. Kasti haichomelewi kama bomba la geti. Inatakiwa ipashwe moto yote, ichomelewe kwa vijiti vyenye nikeli, ipozwe polepole kwenye majivu au mchanga, na bado inaweza kupasuka pembeni ya pale ulipoziba. Na baada ya hapo unanunua konrodi, pistoni, ringi, unalipa usafiri na ushuru, halafu unasubiri. Msimu wa vuli ulikuwa unakaribia, na mvua zikianza ndipo watu wanapokuja kununua miche. Nikaamua: injini nyingine.

Jumatatu nikaingia Gerezani.

Asiyeijua Gerezani ajue kwamba ni sehemu ya Kariakoo ambako chuma ndicho mali. Mafundi wanakaa barabarani na mashine zao, cheche zinaruka juu ya viatu vya wapita njia, na hujavuka mtaa kabla winga hajakushika mkono. Winga ni yule kijana asiye na duka, anayekupeleka kwenye duka na kupata chake humo. Wengine wanawachukia. Mimi sioni sababu. Wanafanya kazi ambayo kila soko kubwa lina mtu wa kuifanya. Ila winga anatembea na neno ulilompa. Ukimpa neno baya, mtatembea nalo wote wawili.

Mimi nilimpa neno "Kohler". Akanipeleka kwenye duka la masinki.

Kwa kweli hakukosea. Kohler ni kampuni ya Wisconsin iliyoanza mwaka 1873, na inafahamika duniani kwa mabafu, masinki na mabomba. Injini ilianza kuzitengeneza mwaka 1920. Mwenye duka lile alinionyesha bomba la kuogea kwa heshima zote, na nikamshukuru. Duka la pili nikasema "injini ya trekta", wakaniletea picha za Massey Ferguson kwenye simu. La tatu nikasema "injini ndogo, nguvu nane, ya petroli", na hapo ndipo nilipouziwa.

Ilikuwa mpya, ndani ya boksi, ya Kichina, imeandikwa nguvu 13. Nikamwuliza muuzaji kama shafti yake ni nyoofu, ya kuvalia puli, lile gurudumu la kuzungushia mkanda. Akasema nyoofu. Nikamwomba aifungue nione, akasema boksi likifunguliwa mali imeuzwa. Nikalipa 480,000. Najua nilivyokosea: nilikuwa na haraka, na ile nguvu 13 ilinivutia, nikaona Farasi atapata zaidi ya alichopoteza. Nilipofungua Kibada, shafti ilikuwa imechongwa kama mchongoma, nene kwa ndani na nyembamba kwa nje, na mwisho wake kuna tundu la bolti. Fundi wa pikipiki akaitazama, akaitazama tena. "Hii ni ya jenereta, kaka."

Niliirudisha kesho yake. Walikataa kurudisha hela, tukavutana mpaka adhuhuri, mwisho wakaichukua kwa 330,000. Laki na nusu ikapotea ndani ya siku moja. Mama nilimwambia ukweli wote. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza Gerezani nzima: "Sasa ile ya zamani shafti yake ilikuwaje?"

Sikujua. Nilikuwa natafuta mwenzake wa kitu ambacho sijawahi kukipima.

Kaka yangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa kukereza. Kibanda chake kiko nyuma ya safu ya wauza nondo, na ndani kuna mashine moja ya kukerezea, ndefu, nyeusi, inayong'aa pale tu mkono wake unaposhika. Alijifunzia kazi kwenye karakana ya reli, ujanani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Nikamweleza yote, trekta, Kohler, ile ya jenereta. Alisikiliza huku anaendelea kukereza bushi ya mtu, na nilipomaliza akazima mashine.

"Rudi nyumbani, ung'oe puli, uje nayo. Ukija na jina utauziwa jina."

Puli ilichukua siku mbili kung'oka. Chumvi ya bahari ya Kigamboni inaingia kila mahali, na ile puli ilikuwa imeoana na shafti kwa zaidi ya miaka thelathini. Tuliimwagia dizeli usiku, asubuhi tukafunga pula, kile kifaa cha kuvutia, tukakaza robo mzunguko, tukagonga kidogo, tukasubiri. Siku ya pili jioni ililia kama mlango wa zamani na ikaja. Niliifuta, nikaitia kwenye kiroba kilichokuwa cha unga, nikavuka nayo.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akatia venia, kipimo chake cha milimita, ndani ya tundu, akasoma, akanipa nisome mwenyewe. Milimita 25.4.

"Hii ni inchi moja," akasema. "Mashine ya Marekani. Sasa njoo huku." Kwenye kona alikuwa na injini ya pampu ya mteja mwingine, ya Kichina. Akapima shafti yake: 25.0. Akachukua puli yangu na kuivisha. Iliingia bila hata kusukumwa. Akaishika kwa vidole viwili akaitikisa, na nikaisikia, tik, tik, mlio mdogo mno, kama kucha kwenye glasi.

"Sehemu nne za kumi ya milimita," akasema mzee. "Ukivaa hii utaona imekaa. Utaendesha wiki moja. Kisha hiki kichuma cha kufungia kitaanza kula mfereji wake, na mwezi hautaisha, puli itazunguka peke yake na shafti itakuwa imeliwa. Watakwambia uweke bati la kopo la soda katikati. Usiweke."

Alinipa njia mbili. Ya kwanza: apanue tundu la puli, avishe bushi ya chuma kwa nguvu, kisha akereze ndani ya bushi tundu jipya la 25 kamili na kukata mfereji mpya. Kazi safi, ya kudumu, na bei yake haikuwa mbaya. Ya pili: nitafute injini yenye shafti ya inchi. Zipo, akasema, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za kuoshea kwa presha, kwa sababu pampu zake nyingi zina tundu la inchi. Nilimwambia nitajaribu ya pili kwanza, na nikishindwa nitarudi. Akakubali. Akaongeza kitu ambacho nilikiandika palepale kwenye simu: nisitazame nguvu kwanza, nitazame shafti, kisha upande inaozungukia, kisha mwendo wake, nguvu mwisho.

Upande wa kuzunguka watu hawaufikirii. Ukisimama mbele ya puli ya K181 ukaitazama, inazunguka kinyume na mishale ya saa. Injini za Honda aina ya GX na zile zilizoigwa kutoka kwake, zikiwa hazina giaboksi ya kupunguza mwendo, nazo zinazunguka hivyohivyo. Kama ingekuwa tofauti, gia ya mbele ya Farasi ingempeleka nyuma. Mwendo nao ulilingana, 3600 kwa 3600, maana yake puli ileile inaweza kubaki na Farasi akatembea kwa kasi yake ya siku zote. Na hapa niwasifu waliolitengeneza. Wheel Horse walianza South Bend, Indiana, mwaka 1946, wakaja kununuliwa na Toro mwaka 1986, na matrekta yao mengi ya aina hii yanapeleka nguvu nyuma kwa mkanda. Injini imefungwa kwa bolti nne juu ya fremu, puli yake iko nje ubavuni, mkanda unashuka kwenye puli ya giaboksi. Hakuna kilichochomelewa, hakuna kilichofichwa. Trekta la namna hii linaruhusu moyo mwingine, na nadhani ndiyo sababu yangali hai baada ya nusu karne.

Wiki ile nilizunguka na kile kiroba begani. Kariakoo, Ilala, Buguruni. Sikutaja tena jina la kampuni yoyote. Niliingia dukani, nikasalimia, nikatoa puli, nikasema: natafuta injini inayovaa hii. Mambo yalibadilika. Wauzaji ambao wangeniuzia chochote waliishika puli, wakaigeuza, wakaanza kufikiri pamoja nami. Mmoja aliita kijana wake ashushe injini tatu kutoka juu ya kabati, tukazijaribu moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu viatu. Ya kwanza shafti yake ilikuwa 20, puli ikacheza ngoma. Ya pili ilikuwa na uzi wa nati mwishoni, ya pampu. Ya tatu ilikuwa 25, na nikausikia ule mlio wa kucha kwenye glasi. Hakuniuzia. Alisema, "Hii itakusumbua, kaka, nenda pale ng'ambo."

Buguruni nilikutana na fundi wa mashine za kusaga aliyeniambia niachane na petroli kabisa. Anazijua dizeli za Kichina za silinda moja kama anavyojua watoto wake, na alinishauri S195, ile inayoendesha vinu na pawatila za kulimia mikoani. Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu hoja yake ilikuwa nzuri: dizeli inakunywa kidogo, na bei za mafuta anazotangaza mdhibiti, EWURA, kila mwezi zikipanda, mtu wa kitalu anazihisi. Lakini S195 ina uzito unaozidi kilo 100 kwa mbali, inapozwa na maji, na inazunguka taratibu, kama 2000 kwa dakika. Ingebidi kubadilisha puli, kuimarisha fremu, na sehemu ya mbele ya Farasi ingelemewa. Mama anageuza usukani kwa mikono yake, hakuna msaada wa haidroliki. Nilimshukuru, nikaondoka. Kwa pawatila ushauri wake ungekuwa sahihi.

Siku ya nne, Ilala, kwenye uwanja mmoja wa vifaa vya mtumba vya ujenzi na usafi, niliikuta. Ilikuwa bado imefungwa kwenye fremu iliyopinda ya mashine ya kuoshea kwa presha, pampu imekwishauzwa, tanki limekwaruzwa. Honda GX270. Sentimita za ujazo 270, daraja la nguvu 9, karibu sana na zile 8 za K181. Nilitoa puli. Nilipaka tone la oili kwenye shafti kwa kidole, nikailenga, nikasukuma.

Haikuanguka ndani. Ilikataa kidogo mdomoni, nikainyoosha, ikaanza kuingia polepole, hewa ikitoka mbele yake kwa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, mpaka ikagota. Nikaitikisa. Kimya. Nikachukua kile kichuma cha zamani cha Farasi, cha robo inchi, nikakitia kwenye mfereji kwa kidole gumba, kikakaa.

Sikutaka furaha ionekane usoni, kwa sababu bei ilikuwa bado. Nikavuta kamba polepole kusikia mgandamizo, nikaona unashika vizuri. Nikafungua plagi: kahawia kavu, si nyeusi ya oili. Nikashika shafti na kuisukuma juu na chini kutafuta uchezaji, hakuna. Tukatia petroli nusu kikombe, ikawaka mvuto wa tatu, moshi mweupe kidogo kisha ukakata. Alianzia 950,000. Tuliishia 720,000, na kirikuu cha kunipeleka mpaka Kibada kwa njia ya daraja nikalipa pembeni.

Wapo walioniambia baadaye kwamba kwa hela ile ningepata ya Kichina mpya ya nguvu 13 na chenji ikabaki. Ni kweli. Lakini giaboksi ya Farasi ilipangwa kuburuzwa na nguvu 8, na mkanda wake vilevile. Nguvu ya ziada lazima ipite mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye meno ya gia za mwaka sabini na kitu ambazo Dar es Salaam nzima huzipati. Tisa zilitosha. Hapo sibadilishi mawazo.

Kufunga kulituchukua Jumamosi na Jumapili. Matundu ya bolti ya injini hizi mbili hayalingani hata kidogo, kwa hiyo mzee alitukatia bamba la chuma la unene wa milimita 10, akatoboa matundu manne ya kukaa kwenye fremu na manne ya kushika injini, haya ya pili akayafanya marefu kama yai ili tuweze kuisogeza. Kisha ikaja kazi ya kunyoosha puli mbili ziwe kwenye mstari mmoja. Fundi wa pikipiki alichukua mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, akaufunga kwenye puli ya nyuma, akaupitisha juu ya uso wake na kuuvuta mpaka kwenye puli ya mbele. Mshipi ukigusa kingo zote nne kwa wakati mmoja, puli ziko sawa. Ukiacha upenyo, mkanda utakwenda upande na kujikata. Tulisogeza injini kwa nyundo ya mbao, unywele kwa unywele, mimi nikiwa nimelala kifudifudi nachungulia upenyo, mpaka mshipi ukalala.

Jambo moja kuhusu nyaya, kwa yeyote atakayefanya kazi hii. Swichi ya zamani ya Farasi ilikuwa inapeleka umeme wa betri kwenye koili, ukizima, unaukata. Injini hii mpya inajitengenezea umeme wake kwa sumaku ya flaiwili, na inazimwa kwa kuunganisha waya wake wa koili na bodi. Ukichukua waya wa swichi ya zamani wenye volti 12 ukaufunga pale, unaweza kuiunguza koili siku hiyohiyo. Tuliukata waya wa zamani, tukaufunga ncha, tukaweka swichi mpya ya kwake.

Kingine kilichonipa amani ni kwamba GX hii ina kifaa ndani, chini panapokaa oili, kinachohisi kina chake. Oili ikishuka mno, inakata moto na injini inazimika yenyewe. Nilimweleza Mama mara mbili. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo yeye anajua kusema." Ndiyo, Mama. Anajua kusema.

Wasiwasi wangu ulikuwa kamba. Zamani Farasi aliwaka kwa ufunguo, na hii inavutwa kwa mkono. Mama ana miaka sitini na minne na bega la kulia limekuwa likimsumbua tangu mwaka jana. Lakini injini hizi zina namna ya kuachia mgandamizo wakati wa kuwasha, na kamba yake si nzito kama inavyoonekana. Alikataa nimwoneshe. Akajifunga khanga kiunoni vizuri, akashika kwa mkono wa kushoto, akavuta mara moja kujua uzito wake, mara ya pili akavuta kwa kweli. Ikawaka.

Alisimama akisikiliza. Sauti si ileile. K181 ilikuwa na mlio wa chini, wa kifua, ungeweza kuhesabu mapigo yake ikiwa imepunguzwa. Hii inaimba juu zaidi na haitulii sana. Mama alipanda, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, na Farasi akaondoka na tela la samadi nyuma yake mpaka mwisho wa kitalu, akageuka kwenye minazi, akarudi.

"Amebadilika sauti," akasema aliposhuka. "Lakini mwendo ni wake."

Jirani alikuja jioni ile na galoni ya oili, mpya, haijafunguliwa. Mama aliipokea, akaiweka rafuni karibu na kiti cha Farasi, akamwambia siku akihitaji kusomba mchanga aje, ila aje mapema, waipime pamoja kwanza.

Boneti ndiyo bado. Tanki la injini hii limekaa juu, na boneti ya zamani inaligusa kabla haijafunga, inabaki imeinuka upana wa vidole vitatu. Fundi alikuja na grainda yake, akapiga mstari wa chaki pale pa kukata. Mama akaufuta kwa kiganja. Sasa natafuta tanki dogo la pembeni la kufunga nyuma ya dashibodi, na mpira wa petroli wa kutosha kufika kwenye kabureta bila kupinda. Boneti imeegemezwa ukutani bandani, imeoshwa, maandishi yake yanaangalia nje. Jumamosi hii navuka tena, na kiroba changu ninacho. Safari hii ndani yake nimetia kipande cha boksi nilichokikata kwa umbo la ile nafasi iliyobaki.